Kula ya Siri

Hapana, siyo adhabu. Hapo dobi, mtu wa kupiga pasi kuanza asubuhi kwa kufua kwenye maji, na mtu wa maji kuanza asubuhi kwenye pasi, siyo adhabu, na wala siyo kwamba hospitali imewachoka. Najua hamjaniuliza. Lakini siku ile mnaniaga, mnakula keki yangu, nilimwona yule binti mpya wa pasi amevalishwa mabuti ya maji, mdomo ameuvuta mpaka unaweza kuanikia shuka. Nikasema moyoni, hili swali liko njiani. Acha nilijibu mapema, maana nikishafika kwangu Busisi nitakuwa na kazi ya kufukuza kuku wa majirani, sitakuwa na muda na nyie.

Mimi sikusoma, mnajua. Naongea tu kwenye simu hivi hivi. Atakayeyaandika asinisahihishe. Asije akaniwekea "ilhali" na "hivyo basi" mkadhani Mama Kabula amekufa, anayeongea ni katekista.

Nilivyoanza kazi, daraja hilo mnalopita na pikipiki huku mnapiga picha halikuwepo hata kwenye ndoto. Nilivuka na pantoni, na begi, na barua ya paroko inayosema mimi ni mwaminifu. Hakuna aliyeisoma. Wakanipeleka chumba cha kufulia kwa Mzee Masanja, dobi mkuu. Hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono. Akaigeuza kama mtu anayenunua sato, akasema kwa ile sauti yake, kila neno linatoka limepumzika kwanza:

"Mmmh. Mikono hii... imekamata jembe. Itakamata na shuka. Kalibu."

Kwa Mzee Masanja, r na l walikuwa mapacha. Anaita yule aliye karibu. Na mimi mwenyewe Msukuma, msije mkasema nacheka watu. Nacheka nyumbani kwangu.

Siku hiyo ya kwanza nikataka nionekane hodari. Nikabeba furushi la mashuka, nikalitupa kwenye pipa la maji, nikashika ule mwiko mrefu wa kukorogea, nakoroga kama napika ugali wa harusi. Mzee akaja polepole. "Umeyasalimia?" Nikasema nani? "Mashuka. Shuka la hospitali halifuliwi kabla halijasalimiwa. Toa." Nikatoa yote, yanachuruzika. Akanionyesha: unashika pembe mbili, unakung'uta mbali na mwili, unasikiliza kinachoanguka. Kwenye lile furushi langu kikaanguka kijiko, ikaanguka rozari, yakaanguka na meno. Meno ya bandia, mazima, yananichekea pale sakafuni. Kumbe juu wodini kulikuwa na bibi mmoja kutoka Magu, tangu alfajiri anamtukana jirani yake wa kitanda kwamba kamwibia meno, na matusi yenyewe hayasikiki vizuri kwa sababu hana meno. Niliporudisha, akayavaa kwanza, halafu akaanza kutukana upya, safari hii neno kwa neno.

Ndiyo maana mpaka leo nawapigia kelele mkung'ute. Siku nyingine haianguki rozari, inaanguka sindano.

Zama zile mashine ilikuwa ya kukamua tu, na ilikuwa inarukaruka, tunaikalia kwa zamu isije ikatoka nje. Kuanika tulianika juu ya mawe, haya haya majabali ya nyuma ya jengo. Jiwe la Mwanza likishapata jua linakausha shuka kuliko hiyo mashine yenu inayolia kama imefiwa. Ila lazima mtu akae alinde. Korongo wanakuja, wale ndege wenye vipara na mfuko shingoni, wanasimama kama wazee wa kanisa, halafu wanafanya yao katikati ya shuka jeupe. Na siku wale wadudu wadogo wakinyanyuka kule ziwani kama moshi, ujue wanajaa mpaka kwenye mikunjo ya shuka: kung'uta, fua upya.

Sasa niwape ramani ya wakati ule. Chumba kilikuwa kimoja, kimekatwa na ukuta. Upande wa jabali, sisi wa maji. Upande wa ziwa, wenye madirisha makubwa na upepo, wa pasi. Katikati kidirisha cha kupitishia nguo, kina mlango wa mbao. Mlango ule ulikuwa na komeo huku na komeo kule. Jamani, kidirisha kimoja, makomeo mawili. Hata mpaka wa nchi na nchi hauko hivyo.

Na kule kwa pasi alikuwepo Ma Federesi.

Ma Federesi Mhaya wa Bukoba, mrefu, mkavu, kilemba hakijawahi kukaa upande. Alikuwa anapiga pasi kama anamnyoosha mtoto mtukutu. Na mdomo! "Mimi nimepiga pasi kanzu za maaskofu, waitu. Maaskofu! Leo naletewa shuka na Msukuma, lina doa kama ramani ya Afrika." Hapo anasema kwa sauti, na ile "waitu" ya Kihaya, jamani yao, ili ipite ukuta. Na mimi sauti sikunyimwa. Najibu nikiwa kwenye pipa: "Hao maaskofu walikuwa wanavuja damu? Leta kanzu ya askofu aliyechanwa tumbo, nikufulie, halafu tuongee!" Halafu namwigiza anavyotembea, wenzangu wa maji wanashika mbavu. Nikawa maarufu kwa hilo. Upande wetu.

Vita yenyewe ilikuwa doa. Sisi tunafua, tunasuuza, tunakamua, tunapitisha. Kidirisha kinafunguliwa, kha! Nguo zinarudi. "Doa." Tunaziangalia, hatuoni doa. Tunasema hawa wana roho mbaya, wanatukomoa. Tunazirudisha hivyo hivyo. Kha! Zinarudi. Wao wanasema hawa wavivu, hata kusugua hawasugui. Komeo huku, komeo kule. Nguo zinakaa katikati, hazina mwenyewe, zinaanza kunuka.

Mngekuwa mnafua mapazia ya hoteli, ningewaambia gombaneni tu, mnachangamsha siku. Lakini humo ndani kulikuwa na vitambaa vya kijani vya thieta, chumba cha kupasulia. Vile lazima vitoke kwetu, vinyooshwe kule, vikunjwe, vipelekwe kupikwa kwenye mvuke, ndiyo daktari avitandike juu ya mgonjwa. Visipofika, kisu hakishikwi.

Siku moja havikufika.

Kulikuwa na mama anaitwa Mbuke, ametoka Kisesa, ana uvimbe tumboni. Walimwambia asile kuanzia jioni, asubuhi anapasuliwa. Akashinda na njaa yake mpaka mchana, ndipo muuguzi akaja kumwambia, mama, kula, leo haiwezekani, hakuna vitambaa, utaingia kesho. Akala kidogo, jioni wakamfungia tena chakula. Niwaambie mapema nisiwapandishe presha: Mbuke alipona, na aliniletea viazi. Lakini siku ile hakuna aliyejua kama atapona, na yeye mwenyewe alijua kidogo kuliko wote.

Mume wake alishuka kwetu siku hiyo hiyo. Mfugaji, mtu mzima, fimbo mkononi, viatu vya matairi. Akasimama mlangoni kwa heshima, akatusalimia mmoja mmoja, "Habali za kazi, habali za kazi." Halafu akasema, "Nimeambiwa mke wangu hakuingia ndani kwa ajili ya vitambaa. Labda ninyi mko wachache. Mimi nimekuja kusaidia kufua." Akaanza kukunja mikono ya shati. Si mzaha! Hakuwa anatusema. Aliamini kweli tumezidiwa. Mzee Masanja akamshika bega, akamtoa nje taratibu, akamwambia kwa Kisukuma akakae na mgonjwa, kesho vitakuwepo. Sisi tukabaki tunaangalia mabuti yetu. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wamesikia kila neno.

Mngedhani hapo ndipo tulipopatana. Wapi! Baada ya dakika chache mtu wa maji akasema, "Mmeona walichofanya wale wa pasi?" Na kule nasikia, "Mmeona walichofanya wale wa maji?"

Siku ile ile Matroni akatuita watatu, Mzee Masanja, mimi na Federesi. Huyu Matroni alikuwa mpya, mfupi, anaongea huku anatazama saa. Saa yenyewe imebanwa kifuani kichwa chini, kwa hiyo unadhani anaongea na titi. "Sikilizeni wamama. Hapa siyo Kirumba mwaloni mnagombania samaki. Thieta wakikosa vitambaa mara moja tena, nguo zote zinakwenda kufuliwa nje, kuna watu wana magari wanasubiri tu kuitwa. Na nyie wote mnapumzika nyumbani. Wote. Maji na pasi." Akatazama saa. "Tatizo lenu hamna kiongozi mmoja. Mzee anastaafu. Kesho saa sita mchana mtapiga kura, anayepita anaongoza pande zote mbili, asiyetaka kuongozwa aje achukue barua yake." Simu yake ikalia, akasema, "Mzee, waambie wenzako," akaondoka.

Mimi na Federesi tulitoka pale kila mtu na mlango wake, hatuongei na mtu kwa hasira. Kwa hiyo habari akaibeba Mzee Masanja peke yake. Na mnamjua Mzee na mapacha wake.

Akasimama upande wetu, kofia mkononi:

"Jamani. Matloni amesema. Kesho saa sita, kula. Kila mtu kula moja. Ni kula ya sili. Mtu asimwonyeshe mwenzake. Hakuna kuiba kula, hakuna kuuza kula. Mwenye kula nzuli ndiye atatuongoza."

Akaenda upande wa pili, akasema vile vile. Mimi na Federesi tulikuwa tumesikia "kura" kwa masikio yetu, ndiyo. Lakini hatukurudi ndani siku ile, na asubuhi tulipokuja hatukuongea na mtu, tunahesabu tu nani wetu nani wao.

Saa sita Matroni kaingia na boksi la glavu amelitoboa juu kwa mkasi. Akakuta watu wamesimama ukutani, kila mmoja kakumbatia kitu kimefunikwa khanga. Mwingine kageukia ukuta kabisa, maana ni siri. Harufu imejaa.

"Hivi ni nini?"

Mmoja wetu akajibu kwa adabu, "Ni kula, Matroni."

"Kura gani ina mvuke?"

"Ya kwangu ni dagaa."

Mzee Masanja akaangalia mahotipoti, akaangalia boksi, akavaa kofia yake. Akasema, "Mmmh. Basi nimesikika vibaya."

Matroni alijaribu kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka ile saa ya kifuani ikachezacheza. Akasema basi, kuleni kwanza, karatasi hazipoi. Kwa pasi hakukuwa na pa kukaa, meza zote zina moto, kwa hiyo wakavuka kuja kwetu. Ndiyo mara ya kwanza. Watu wamefanya kazi jengo moja miaka, hawajawahi kuvuka ukuta.

Tukageuza mabeseni yakawa viti. Michembe ya viazi vikavu na karanga, mboga ya nsansa, sato wa kuchoma, matoke ya Federesi yamelala kwenye jani lake kama mgeni rasmi, na senene juu. Federesi akaja na sahani mpaka kwenye pipa langu, akainama, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Wee Mama Kabula. Taa ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Hii moja?"

"Unataka tuwashe na mishumaa ya maaskofu wako?"

Akachukua kipande cha kijani kwenye rundo, akakiinua kwenye ile taa yetu, karibu kabisa na macho. Akanipa. Sikuona kitu. Akanishika mkono, akanivutia mpaka kwa pasi, akakiweka dirishani kwenye mwanga wa ziwa. Doa lile pale. Kubwa, la kahawia, limelala wazi. Nikaligusa kwa kidole. Yeye akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Kumbe mlikuwa mnafua gizani. Mimi nikajua mnanidharau."

"Na mimi nikajua unanitukana."

"Nilikuwa nakutukana," akasema. "Lakini kwa sababu ya doa."

Nawaambia hili polepole kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Sabuni mtafundishwa, mashine mtafundishwa. Lakini doa la upande wako linaonekana upande wa mwenzio, na la kwake linaonekana kwako. Usipovuka, mtarushiana shuka mpaka lichanike. Ndiyo maana tangu zama zile kila mtu anaanza asubuhi upande wa mwenzake, na binti anavaa mabuti.

Sasa mtasema, hapo wakakumbatiana. Watu wanapenda kusema kula pamoja kunaleta umoja. Uongo. Sisi tulikula pamoja, tukashiba, tukagombana tumeshiba.

Maana Matroni alinawa mikono, akagawa vikaratasi, akasema haya, majina mawili, Mama Kabula na Federesi. Pale pale nikaona watu wanasogea. Wa maji upande huu, wa pasi upande ule, wanakanyaga mifupa ya samaki. Mmoja wa kwao akasema, kiongozi lazima atoke kwenye mwanga, wa gizani ataona nini? Wa kwetu akasema, nani aongozwe na mtu hajawahi kulowa? Federesi akanyoosha kilemba, "Mimi sikuomba, lakini kama ni mimi, kutakuwa na nidhamu." Nikamwigiza, "Kutakuwa na nidhamu, waitu!" Wangu wakacheka, wake wakanuna. Mwingine anauliza, mwenzetu aliyelala nyumbani na malaria, kura yake inapigwa na nani? Mwingine kaandika jina, kafuta. Matroni anapiga boksi, "Kimya! Kimya!" Na vile vitambaa vya kijani vya asubuhi, vya kupasulia watu siku ile, viko pale pale kwenye kidirisha, rundo zima, nusu huku nusu kule, ukiacha kile kimoja cha Federesi, hakuna aliyevigusa tangu tuanze kufunua masufuria.

Ndipo yule mume wa Mbuke wa Kisesa akatokea mlangoni na fimbo yake.

Safari hii hakusalimia mmoja mmoja. Akaangalia mabeseni, akaangalia mifupa, hotipoti, maganda, vikaratasi mikononi mwetu. Akaangalia kidirisha. Hakuna aliyesema karibu, na sisi ni watu wa kusema karibu hata kwa mwizi. Federesi alikuwa na mkono hewani, amenyoosha kidole kwangu, akakisahau pale pale.

Mume wa Mbuke hakupandisha sauti. Angepandisha ningeweza kumwigiza, na sijawahi kumwigiza mpaka leo. Aliuliza kama mtu anayeuliza wageni wake nyumbani:

"Mmeshiba? Mke wangu hajala tangu jana, anawasubili ninyi."